Kutoka LUKU kwenda mita ya ankara Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mteja wa TANESCO wa Dar es Salaam, awe na chumba Mbagala au kiwanda Chang'ombe, anayetaka kutoka LUKU, mita ya kulipia kabla kwa tokeni, kwenda mita ya ankara, ya kulipa baada ya kutumia. Hesabu zote zinatumia bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kuanzia Aprili 2016. Linganisha na risiti yako kabla hujafanya uamuzi wa pesa nyingi. Palipoandikwa "kabla ya kodi", kumbuka juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1.

## Mambo ya kwanza

1. Mimi ni mteja wa nyumbani. Naweza kuomba LUKU itolewe nifungiwe mita ya ankara?

Kwa kawaida, hapana. Wateja wadogo, yaani kundi la bei la D1 (nyumba zisizovuka uniti 75 kwa mwezi) na la T1 (nyumba nyingine na biashara ndogo), ndio walioelekezewa LUKU tangu mwanzo, na anayeomba umeme leo kwa matumizi ya nyumba au duka hufungiwa LUKU bila kuulizwa anapenda ipi. Aina ya mita inafuata kundi la bei uliloko. Ukitaka mita ibadilike, lazima kwanza kundi libadilike, na kundi hubadilishwa na kiasi cha umeme unachotumia.

Wengi wanaouliza swali hili wana shida nyingine kabisa: makato wasiyoyaelewa, mita inayojizima, au ugomvi wa wapangaji. Hizo zina dawa zake bila kugusa aina ya mita. Anza na swali la 6 hadi la 9 kabla ya kupanga foleni ofisini.

2. Basi nani anapewa mita ya ankara?

Wateja wakubwa. Kundi la T2 ni wale wanaopokea umeme wa volti 400, wanaotumia wastani wa zaidi ya uniti 7,500 kwa kila kipindi cha kusoma mita, na ambao dimandi yao, yaani kilele cha umeme wanaovuta kwa pamoja, kinachopimwa kwa kVA (swali la 11), haizidi kVA 500. Juu yao kuna T3, wanaochukua umeme moja kwa moja kwenye laini ya msongo wa kati, ambayo kwa Dar ni kilovolti 11 au 33, na kuhudumiwa na transfoma yao wenyewe. Hoteli, viwanda vya plastiki, maghala ya baridi ya samaki, hospitali kubwa na majengo marefu ya Posta ndiyo wateja wa namna hii.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Mita ya kawaida ya njia tatu, ambayo umeme wote hupita ndani yake, hufikia amperi 100 kwa kila fezi, sawa na kVA 69 hivi. Zaidi ya hapo zinahitajika CT, zile transfoma ndogo zinazovikwa kwenye waya mkubwa ili mita ipime sehemu ndogo tu ya mkondo.

3. Nyumba ya mzee wetu Upanga bado ina mita ya kisahani kinachozunguka. Itaachwa?

Usitegemee. Mita hizo zinapokutwa hubadilishwa kuwa za tokeni. Siku ya kubadilisha piga picha ya namba za mwisho, na hakikisha ankara ya mwisho inaishia kwenye namba hizohizo. Pengo lolote kati ya picha na ankara litakuja kuwa deni kwenye LUKU mpya.

4. Uniti ya ankara ni nafuu kuliko ya LUKU?

Ndani ya kundi moja, bei ni ileile. Mteja wa T1 analipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, na ukiweka asilimia 22 za makato inafika 356.24. Ndiyo maana shilingi 1,000 hukupa uniti 2.8. Ungekuwa T1 mwenye mita ya ankara, namba ingekuwa hiyohiyo.

Unafuu unaosikika kwa wenye ankara unatoka T2, ambako uniti ni shilingi 195 kabla ya kodi. Lakini bei hiyo haiji peke yake. Soma swali la 10 kwanza.

5. Ndugu yangu yuko Uingereza, kahama kutoka mita ya kulipia kabla kwenda ya bili kwa kupiga simu tu. Kwa nini hapa iwe shida?

Kule kampuni za kuuza umeme ni nyingi na zinashindania mteja. Anayetaka kuhama hukaguliwa historia yake ya kukopa na kulipa, na mwenye deni hutakiwa kulimaliza kwanza, ingawa deni lisilozidi pauni 500 anaweza kuhama nalo kwenda kampuni nyingine. Bara kwetu msambazaji ni TANESCO, na hakuna utaratibu wa kumkagua mteja mdogo kama anakopesheka. LUKU yenyewe ndiyo jibu lililochaguliwa kwa tatizo la madeni.

## Huenda unachokitaka si ankara

6. Nataka ankara kwa sababu LUKU inanikata hela. Nanunua umeme wa 10,000 napata uniti chache.

Soma risiti au ujumbe wa manunuzi mstari kwa mstari. Makato huwa ya aina tatu, na hakuna hata moja litakalokwisha kwa kubadili mita.

La kwanza ni kodi ya majengo. Tangu 2021 inakusanywa kupitia umeme, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na miezi usiyonunua hujilimbikiza. Mteja wa T1 akinunua umeme wa 10,000 bila makato hupata uniti 28.07, ikitoka 1,500 kwanza, zinabaki 23.86. Nyumba moja ikiwa na mita tatu, kodi inatakiwa ikatwe kwenye mita moja tu, na marekebisho yanafanyika TRA. Karani wa TANESCO hawezi kukufutia.

La pili ni deni: la mita ya zamani, la kuunganishiwa umeme kwa mkopo, au la mtu aliyekuwa na mita kabla yako. Hapa sehemu ya kila manunuzi inakwenda kwenye deni mpaka liishe. Uliza limebaki kiasi gani na limetokana na nini, ukipiga 180, simu ya huduma kwa wateja ya TANESCO, au ukienda ofisini na namba ya mita.

La tatu si kato ila linafanana nalo. Mteja wa D1 ananunua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 122 pamoja na kodi, jumla 9,150. Uniti ya 76 inaruka hadi 427. Anayenunua mara ya pili mwezi huohuo anadhani ameibiwa, kumbe amevuka mstari. Uniti 80 kwa mwezi zinagharimu 11,285, na kati ya hizo, tano za mwisho zimekula 2,135. Kama kila mwezi unavuka kwa mbali, utahamishiwa T1 na ile bei ya 122 utaisahau.

7. Tatizo langu ni umeme kuisha usiku wa manane.

Hili ni la akiba. Uniti zilizokwisha kuingia kwenye mita haziozi, kwa hiyo weka za siku tano zaidi ya unachohitaji na uzihesabu kama hazipo. Usisubiri mita ianze kulia, kwa sababu kuna siku mfumo wa kuuza tokeni unasumbua na simu inarudisha ujumbe wa kushindwa saa nzima.

Tokeni uliyonunua iingize mapema. Mita hukumbuka mpangilio wa muda wa tokeni ilizopokea, na iliyokaa kwenye simu muda mrefu huku ukiingiza nyingine mpya nyingi inaweza kukataliwa kwa kuwa imepitwa.

8. Tuko wapangaji sita kwenye LUKU moja na kila mwezi ni ugomvi. Ankara si ingetusaidia?

Ingewazidishia ugomvi. Kwenye LUKU asiyechanga mnamwona mapema; kwenye ankara mnamjua baada ya kutumia, pengine akiwa ameshahama.

Angalieni kwanza kundi. Kaya sita kwenye mita moja lazima zivuke uniti 75, kwa hiyo kila mmoja analipa bei ya T1 hata kama ana taa mbili na redio. Njia iliyo safi ni kila kaya kuwa na LUKU yake, na baba au mama mwenye nyumba ndiye anayeomba kupitia NI-KONEKT, mfumo wa TANESCO wa maombi ya mtandaoni, au ofisini. Kuunganishiwa njia moja mjini, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, gharama iliyotangazwa ni shilingi 320,960.

Njia ya kati ni sabmita. Fundi anafunga mita ndogo kwa kila mlango nyuma ya LUKU kubwa. Mambo matatu huharibika hapa. Taa za koridoni na pampu ya maji huachwa bila sabmita, hivyo jumla ya ndogo haifiki kubwa na watu wanatuhumiana. Sabmita za bei poa hazisomi mzigo mdogo kama chaja na taa za LED. Na mwenye nyumba hupanga bei ya uniti bila kuonyesha risiti. Kwa mita ya T1 gharama halisi ni 356.24 kwa uniti. Mazungumzo yaanzie hapo.

9. LUKU inajizima nikiwasha AC mbili na pasi. Mita ya ankara haizimi, si ndiyo?

Mita haijali unalipa lini. Inajizima kwa kuzidiwa. Njia moja yenye kikomo cha amperi 60 inabeba kama kilowati 13.8. Jumlisha AC mbili, oveni, hita ya maji ya kuoga na pasi, utaona umefika. Omba njia tatu kisha fundi agawe mzigo upya: AC fezi moja, jiko fezi nyingine, taa na soketi ya tatu. Kubadili mita bila kugawa mzigo ni kazi bure, fezi moja itaendelea kuzidiwa huku mbili zikipumzika.

Kabla ya hayo yote, mwambie fundi akaze skrubu za meinswichi. Ungio lililolegea hupata moto na kuangusha breka, na hilo ni la dakika kumi.

## Biashara: hesabu kabla ya barua

10. Natumia zaidi ya uniti 7,500. Nikihamia T2 lazima nipate nafuu?

Si lazima. T2 ina sehemu tatu kabla ya kodi: shilingi 14,233 za huduma kwa mwezi, 195 kwa kila uniti, na 15,004 kwa kila kVA ya dimandi. Hii ya tatu ndiyo inayoamua.

Chukua kiwanda cha mikate cha Tabata kinachotumia uniti 10,000 kwa mwezi. Kikiwa T1 kinalipa 2,920,000 kabla ya kodi. Kikihamia T2 na dimandi yake ikiwa kVA 45, kinalipa 1,950,000 za uniti, 675,180 za dimandi na 14,233 za huduma, jumla 2,639,413. Kimeokoa 280,587. Sasa karakana ya jirani yake inatumia uniti 10,000 vilevile, ila mashine zote zinawashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni, dimandi kVA 80. Huyu analipa 3,164,553, yaani 244,553 zaidi ya alipokuwa LUKU.

Kanuni ya kupata mpaka wako: zidisha uniti za mwezi kwa 97, toa 14,233, gawa kwa 15,004. Kwa uniti 10,000 jibu ni kVA 63.7, kwa uniti 8,000 ni 50.8. Dimandi yako ikiwa chini ya jibu, T2 inakufaa. Ikiwa juu, tatizo lako kwanza ni dimandi. T2 inampendelea anayetumia umeme mchana na usiku kwa kiwango kinacholingana, na inamwadhibu anayeutumia kwa pupa.

11. Dimandi yenyewe inapimwaje?

Mita hugawa siku kwenye vipande vya muda, mara nyingi dakika 15 au 30, na kuchukua wastani wa kVA wa kila kipande. Kipande kikubwa kuliko vyote kwa mwezi mzima ndicho kinachoandikwa. Mota kuvuta mkondo mwingi sekunde tano wakati wa kuwaka haitakuumiza sana. Kinachoumiza ni mashine zote kufanya kazi pamoja kwa nusu saa, hata kama ni mara moja tu, siku umeme uliporudi baada ya kukatika na kila mtu akakimbilia swichi yake.

Na mwezi mbaya haupiti peke yake. Dimandi inayotozwa ni ile ya mwezi husika au asilimia 75 ya kubwa kuliko zote za miezi mitatu iliyotangulia, iliyo kubwa kati ya hizo. Ukigusa 80 mwezi Machi, Aprili utatozwa angalau 60 hata kama ulitumia 45. Kwa hiyo andika utaratibu wa kuwasha, ubandike kwenye ubao wa swichi, na uhamishe hita na oveni kwenye zamu tofauti na mota kubwa.

12. LUKU haionyeshi kVA. Nitajuaje dimandi yangu kabla ya kuhama?

Pima. Fundi mwenye klampu mita aizungushie kila fezi ya waya mkuu siku ya kazi nyingi, asome kila robo saa kuanzia kufungua hadi kufunga. Jumlisha amperi za fezi tatu, zidisha kwa 230, gawa kwa 1,000. Amperi 65 kila fezi ni kVA 44.85. Fanya wiki nzima ikiwezekana, na chukua namba kubwa, si wastani. Kama volti hushuka hadi 210 jioni, tumia volti uliyoipima.

13. Fundi ananiambia nifunge kapasita. Zinahusika vipi na ankara?

Kwenye LUKU unalipia kilowati-saa tu, kwa hiyo mota zinazovuta mkondo usiofanya kazi hazikugharimu moja kwa moja. Kwenye T2 unalipia kVA, na mkondo huo unaingia. Mzigo wa kilowati 40 wenye pawafakta (uwiano wa kilowati zinazofanya kazi kwa kVA zinazovutwa) ya 0.7 unaonekana kama kVA 57. Ukiipandisha hadi 0.95, unakuwa 42. Tofauti ya kVA 15 ni shilingi 225,060 kila mwezi kabla ya kodi, na inahitaji kapasita za kVAr 28 hivi (kVAr ni kipimo cha ukubwa wa kapasita).

Chagua paneli inayojiwasha na kujizima kwa hatua. Kapasita za moja kwa moja zikibaki zimewashwa usiku mashine zikiwa zimelala, volti hupanda na vifaa vidogo huungua. Kapasita pia hufa taratibu bila dalili, kwa hiyo zipimwe kila mwaka kwa klampu.

## Maombi na kufungwa

14. Hatua ni zipi?

Andika barua kwa meneja wa mkoa wa TANESCO unaohudumia eneo lako. Dar imegawanywa kwa mikoa ya kihuduma, mfano Ilala, Temeke, Kinondoni Kaskazini na Kinondoni Kusini, na barua iliyokwenda mkoa usio wako hukaa. Ambatanisha namba ya mita, TIN, leseni ya biashara, rekodi ya manunuzi ya miezi 6 hadi 12, na orodha ya mashine yenye kilowati za kila moja. Orodha inyooke. Ukiandika mzigo mdogo kuliko ulio nao ili ionekane rahisi, utafungiwa CT ndogo na transfoma isiyotosha.

Kisha anakuja savea. Ataangalia transfoma ya mtaa. Za kawaida ni kVA 50, 100, 200 na 315, na kama ya kwenu ni 100 inayohudumia nyumba arobaini, mzigo wako wa 60 hauingii. Hapo ndipo gharama hupanda, maana makadirio yatajumuisha transfoma mpya. Waya wako wa kuingia utakaguliwa pia: kVA 60 ni amperi 87 kwa fezi, na waya wa 16 mm² uliotosha zamani sasa huenda ukatakiwa uwe wa shaba wa 25 au 35 mm², kulingana na urefu.

Kazi ya ndani ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA ya daraja linaloruhusu ukubwa huo, na akuachie cheti cha vipimo. Malipo yote kwa TANESCO yanafanywa kwa kontroli namba. Unasaini mkataba, na kwa kuwa sasa unatumia kabla ya kulipa, jiandae kuwekewa sharti la dhamana. Mwisho mita inafungwa na LUKU inaondolewa.

15. Uniti zilizobaki kwenye LUKU zinakwenda wapi?

Njia bora ni kuzimaliza: wiki ya kufunga nunua kidogokidogo. Tokeni imefungwa kwa namba ya mita moja, kwa hiyo iliyobaki kwenye simu haiingii kwenye mita nyingine yoyote. Zikibaki nyingi, piga picha ya kioo mbele ya fundi wa TANESCO, na salio liandikwe kwenye fomu ya kubadilishia mita kabla hujaisaini. Bila maandishi hayo hutakuwa na cha kudai.

16. Nina deni la zamani. Naweza kuhama nalo?

Limalize au upate makubaliano ya maandishi ya kulilipa kwa awamu. Hapa ndipo maombi mengi hukwama kimyakimya.

17. Nimepanga ghala Vingunguti. Niombe kwa jina langu au la mwenye jengo?

Mita ya ankara ni mkataba wa deni, na mwenye jina ndiye anayedaiwa. Mwenye jengo atasita, na ana haki: mpangaji anaweza kuondoka na kumwachia ankara mbili. Makubaliano yanayofanya kazi ni mkataba wa pango kutaja namba za mita siku ya kuingia na kutoka, na amana inayotosha ankara mbili za kawaida kukaa kwa mwenye jengo. Barua yake ya ridhaa iambatane na maombi.

18. Kuna mtu anasema kwa laki tatu ananigeuzia LUKU iwe ya bili bila barua.

Huyo ni kishoka. Mita haigeuzwi kwa kubonyeza. Atakachofanya ni kuruka mita kwa waya, umeme utawaka, na ukaguzi ukija wewe ndiye utakayekutwa nao. Chini ya Sheria ya Umeme ya 2008 hilo ni kosa la jinai, juu yake utadaiwa umeme unaokadiriwa kutumika. Anayesema ni mtumishi wa TANESCO aonyeshe kitambulisho, na akitaka fedha taslimu mkononi usiendelee naye.

## Ukishafungwa

19. Nitasomaje mita ya ankara mwenyewe?

Mita nyingi za kidijitali huzungusha namba zenye alama ndogo pembeni. 1.8.0 ni jumla ya kilowati-saa, yaani uniti, 9.6.0 ni dimandi kubwa kwa kVA. Piga picha ya hizo mbili kila tarehe ambayo ankara inaonyesha kusomwa.

Halafu kuna kizidisho. CT za 200/5 zina kizidisho cha 40: mita ikisogea kwa 250, umetumia uniti 10,000. Baadhi ya mita zimepangwa kuonyesha matumizi yaliyokwisha kuzidishwa, kwa hiyo muulize aliyefunga na uandike jibu kwenye mlango wa boksi.

20. Ankara ya kwanza imekuja mara tatu ya nilivyokuwa nalipa. Nianzie wapi?

Kwenye kizidisho. CT za 100/5 zikiandikwa kwenye mfumo kama 200/5, unalipa mara mbili kamili. Fungua boksi ukiwa na fundi wa TANESCO, usome bamba la CT kwa macho, ulinganishe na ankara. Kisha fanya jaribio: zima kila kitu, washa oveni ya kilowati 12 peke yake saa moja bila kuizima. Kwa kizidisho cha 40 mita isogee 0.3. Oveni yenye kidhibiti joto hujizima yenyewe njiani, kwa hiyo iache mlango wazi.

Baada ya hapo angalia kama ankara imetokana na namba iliyosomwa au imekadiriwa, na kama ni ya siku 30 au zaidi. Mwisho angalia dimandi, swali la 11.

Ankara ndogo kupita kiasi nayo isikufurahishe. CT moja ikifungwa kinyume kwenye mzigo unaolingana, mita huandika theluthi moja tu ya matumizi. Siku ikigundulika, utaletewa tofauti yote kwa mkupuo. Ripoti mapema kwa maandishi.

Lalamiko lisilopata jibu ofisini linakwenda EWURA, na baraza la watumiaji, EWURA CCC, husaidia kuliandika bila malipo. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA, ngazi inayofuata ni Baraza la Ushindani. Wakati shauri linaendelea, lipa sehemu usiyoibishia, ili kukatiwa umeme kusiwe hoja mpya.

21. Nikichelewa kulipa?

Unakatiwa, na kurudishiwa kuna gharama yake. Biashara iliyozoea LUKU hujisahau hapa, kwa sababu mauzo ya mwezi yamekwisha kutumika ankara inapofika. Kila wiki tenga robo ya ankara iliyopita kwenye akaunti isiyoguswa.

22. Biashara imepungua. Naweza kurudi LUKU?

Ndiyo, matumizi yakishuka chini ya kiwango cha T2 kwa miezi mfululizo na ukaomba kwa barua. Usikawie: mashine zikiwa zimefungwa, 14,233 na dimandi ya asilimia 75 bado zinakuja.

## Yasiyo ya kawaida

23. Nikihamia ankara, kodi ya majengo inaisha?

Haiishi, inaongezwa kwenye ankara ya mwezi kwa viwango vya swali la 6. Ikionekana kwenye ankara na pia kwenye LUKU ya nyumba ndogo ya uani, unalipa mara mbili kwa jengo moja, nenda TRA.

24. Nyumba ya Kigamboni ilifungwa tangu 2023. Sasa tokeni inakataa. Mita imekufa?

Pengine haijaboreshwa. Mita nyingi za tokeni duniani zilihesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na hesabu hiyo ilifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyoboreshwa inahitaji makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya tokeni yenyewe, jumla tarakimu 60. Ingiza kundi la kwanza, subiri ikubali, la pili, kisha la umeme. Ukiruka mpangilio haitapokea. Kama ulipewa kundi moja tu, piga 180 wakutumie yaliyobaki.

25. Nina sola juu ya bati. Itasumbua?

Kwenye LUKU, ndiyo, kama inverta inasukuma umeme kurudi kwenye laini. Mita nyingi za tokeni huuhesabu umeme unaotoka kama unaoingia, na uniti zako zinaliwa jua likiwa kali. Weka inverta kwenye mpangilio wa kutotoa nje. Kwenye mita ya ankara kuuza umeme nje kunahitaji mita ya pande mbili na mkataba na TANESCO kabla hujafunga paneli.

26. Jengo letu la ghorofa Kariakoo lina mita moja kubwa ya T2 na wapangaji wana sabmita. Kila mmoja achangieje dimandi?

Kugawa kwa uniti ni rahisi lakini si haki. Mwenye saluni anayewasha madraya matano saa kumi jioni ndiye anayepandisha kVA, na mwenye friji la soda analipa naye. Fungeni sabmita zenye kusoma kVA kwa wapangaji wazito tu, wagawane dimandi wao kwa wao, na wengine walipie uniti. Lifti, pampu na taa za ngazi ziwe na sabmita yake, igawanywe kwa idadi ya milango.